Saa 72 za Mji wa Kale

Huja baada ya magharibi, watu wa barazani wakiwa wameingia msikitini na vichochoro vimetulia kidogo. Duka langu la dawa liko hatua chache kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, na saa hiyo nimeizoea. Msichana amevaa buibui, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi. Anatazama chupa za dawa ya kikohozi kama anayesoma bei. Anamngoja mzee anayechukua dawa za presha amalize, ahesabu chenji, aage. Ndipo anaposogea kaunta na kuninong'oneza: "Khalti, una P2?"

"Ninayo, mwanangu. Ilikuwa lini?"

"Jana usiku."

Muda bado upo. Namweleza namna ya kuimeza, kwamba akitapika mapema arudi, kwamba hedhi inaweza kutangulia au kuchelewa. Kisha namuuliza swali la pili, ambalo naliuliza kila mara na kila mara hunikwama kooni kabla ya kutoka: "Na mwenzio, waijua hali yake? Amepima?"

Anarudisha macho kwenye dawa za kikohozi. "Sikuja kwa hilo, khalti."

Msichana huyu si mmoja. Nimewachanganya wengi katika huyu, asije akatambulika yeyote, kwa sababu kisiwa chetu ni kidogo na siri ya mteja ni sehemu ya kazi yangu. Lakini jibu hilo ni lao wote, karibu neno kwa neno.

P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, wanaijua. Wanajua bei yake, wanajua duka gani halina maswali mengi, na wanajua kwamba humezwa kabla ya saa 72 kwisha, tena mapema ndio bora. Ipo dawa nyingine yenye saa hizo hizo 72, na hiyo nikiitaja mbele ya kijana wa miaka 20, mara nyingi ndiyo kwanza anaisikia. Inaitwa PEP. Ni vidonge vya kuzuia Virusi vya Ukimwi visishike mwilini baada ya mtu kukutana navyo: kondomu imepasuka, au haikutumika kabisa, au mtu amebakwa, au amejidunga sindano iliyotumiwa na mwingine. Huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka hata moja.

Nadhani najua kwa nini saa za P2 zinajulikana na za PEP hazijulikani. Mimba huonekana. Baada ya miezi michache mama ataiona, jirani ataiona, kila baraza kuanzia Kibokoni hadi Mlango wa Papa litaijadili. Virusi hukaa miaka bila dalili. Hofu yote basi imekwenda kwa kile ambacho watu watakiona, na hiki kisichoonekana kikaachiwa njia.

Wala swali langu la "amepima?" si la kumfedhehesha mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, KENPHIA, ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wakiishi na virusi. Mombasa ilikuwa asilimia 5.6. Kwa wanawake nchini ilikuwa asilimia 6.6, kwa wanaume 3.1. Na kwa umri wa hawa wanaonijia magharibi, pengo kati ya wasichana na wavulana wa rika lao ni kubwa zaidi ya hapo.

Kwa nini saa 72, si wiki nzima? Nyumba zetu za Mji wa Kale zitanisaidia kueleza. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, nyingine zina umri mkubwa kuliko babu zetu. Mchwa akianza kupanda ukutani huacha njia yake ya udongo. Ukiiona siku hiyo, unaikwangua, unapaka dawa, yamekwisha. Akishaingia ndani ya boriti utaishi naye. Utamdhibiti, na nyumba itasimama miaka mingi, lakini hutaweza tena kusema hayumo.

Virusi navyo ni hivyo hivyo. Vikipenya kwenye utando laini wa uke, wa njia ya haja kubwa au wa ncha ya uume, hukutana kwanza na seli chache za kinga zilizo karibu. Hapo ni vichache, na viko mahali pamoja. Siku mbili tatu zinazofuata hubebwa hadi kwenye tezi, na kutoka kwenye tezi huingia katika damu na kuenea mwili mzima. Ndani ya seli, kirusi hunakili maandishi yake kwa lugha ya seli yenyewe, kisha huyashona katika kiini chake. Kushona huko ndiko kuingia kwa mchwa ndani ya boriti. Dawa za PEP hupiga sehemu zote mbili: tenofoviri na lamivudini huvuruga kunakili, dolutegraviri huzuia kushona. Seli ambayo imeshashonwa haiokolewi. Ndiyo maana kumeza saa ya tatu ni bora kuliko saa ya 30, na saa ya 30 ni bora kuliko saa ya 70.

Hesabu huanza pale jambo lilipotokea, si pale wasiwasi ulipoanza. Kama ni Ijumaa saa nne usiku, mwisho wake ni Jumatatu saa nne usiku, na hapo katikati kuna Jumamosi na Jumapili ambazo vituo vingi vidogo vimefungwa. Wikendi imekula saa za vijana wengi. Wanangoja Jumatatu, Jumatatu wana kazi au mtihani, Jumanne wanakuja kwangu na mimi sina la kuwapa ila kuwaelekeza wakapime. Chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya umma hakifungwi. Kwa sisi wa kisiwani iko Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara. Ukifika utapimwa kwanza, kwa sababu PEP ni ya asiye na virusi; aliye navyo tayari huanzishiwa tiba. Vidonge vyenyewe havilipiwi. Aliyebakwa aende haraka, na akiweza aende kabla ya kuoga na kubadilisha nguo, ili ushahidi usipotee. Kama ameshaoga, aende vivyo hivyo. Dawa inamngoja pamoja na ya kuzuia mimba.

Sasa nirudi kwenye "sikuja kwa hilo". Sikubaliani na wanaosema vijana wetu hawajui au hawajali. Msichana anayezihesabu saa za P2 anajua kuhesabu. Kinachomzuia ni ile njia ya kupita. P2 anainunua kwa dakika moja, hakuna jina linaloandikwa, hakuna faili. PEP inamtaka apite getini, apange foleni, alitamke jambo lenyewe mbele ya karani, tena mbele ya muuguzi, tena mbele ya daktari, na kwenye benchi la kungojea huenda akakutana na mama mdogo wa rafiki yake. Katika Mji wa Kale mtu hujulikana kwa jina la babake kabla ya lake mwenyewe, na baraza huona nani ametoka, saa ngapi, na mfuko wa rangi gani mkononi.

Kulindana na macho hayo ya watu sisi tunakuita sitara, na siidharau. Nimelelewa nayo. Sitara humwachia aliyeteleza nafasi ya kusimama tena bila mji mzima kumwangalia. Ninachokikataa ni kuifanya sitara kuwa sababu ya kumnyima mtu dawa, kisha tukamsitiri akiwa mgonjwa. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 iko upande wa sitara hiyo ya kweli: kutoa siri ya matokeo ya mtu ni kosa la jinai, awe mtoaji ni daktari au mfagiaji wa kliniki. Vijana wengi hawajui kuwa wana ngao hiyo, na wahudumu wengine huisahau.

Maoni yangu, na nayasema nikijua kwamba mimi ni mwenye duka, ni kwamba maduka ya dawa yaliyosajiliwa yaruhusiwe na kufundishwa kupima na kutoa vidonge vya mwanzo vya PEP palepale kaunta, kisha kumwelekeza mtu kituoni kwa vilivyobaki. Watafiti wamejaribu kutoa dawa za kinga kupitia maduka ya dawa Kisumu na Kiambu, na ilionekana inawezekana. Mombasa inahitaji jambo hilo pengine kuliko kwengine, kwa jinsi tunavyoishi ukuta kwa ukuta.

Kwa sasa ninachofanya ni kidogo. Nina vikaratasi nilivyovikata ukubwa wa pakiti ya P2. Vina mistari mitatu: PEP, saa 72, na mahali pa kwenda usiku. Havina neno Ukimwi. Natia kimoja ndani ya kila pakiti na sisemi kitu.

Kuna vijana ambao saa 72 zao hazikomi. Zinaanza upya kila wiki. Ana mpenzi ambaye hataki kupima. Ana mume aliye safarini nusu ya mwaka. Anafanya kazi ya ngono, au ni kijana wa kiume mwenye wapenzi wa kiume na hawezi kulisema hilo popote. Hao PEP haiwafai, kwa kuwa ni dawa ya dharura. Wanayoihitaji ni PrEP, kidonge kimoja kwa siku kinachomezwa kabla, ambacho Kenya ilianza kukitoa rasmi nchini kote Mei 2017. Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda kwa wachumba na wanandoa ambao mmoja ana virusi ulikuta maambukizi yamepungua kwa asilimia 75 kwa waliopewa kidonge chenye dawa mbili ndani yake, na waliokimeza bila kuruka walikingika zaidi. Kwa mwanamke huchukua siku 7 za kumeza mfululizo kabla ya kukitegemea. Akikimeza leo mchana kwa ajili ya leo usiku, hana kinga bado.

Mwezi wa Ramadhani huniletea swali moja kila mwaka: nifanyeje na kidonge? Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, hakigongani na saumu. Aliyezoea asubuhi ahamie baada ya futari, au akimeze wakati wa daku, na ashike saa hiyo hiyo hadi Iddi. Walio kwenye tiba nao hufanya vivyo hivyo. Sioni sababu ya mtu kuchagua kati ya mfungo wake na dawa yake.

Tatizo kubwa la PrEP hapa kwetu ni kopo. Vidonge hutolewa katika kopo la plastiki, na kopo hilo hulia. Ukilitia kwenye mkoba, kila hatua ni kayamba. Msichana mmoja aliniambia alilijaza pamba hadi juu, na bado dada yake, wanayelala chumba kimoja, alimuuliza ni nini. Wengine huhamishia vidonge kwenye pakiti ya vitamini, jambo ninalolielewa ingawa kama mfamasia halinifurahishi, maana dawa isiyo na jina lake huweza kumezwa na mwingine. Ndiyo sababu habari za sindano ya lenakapaviri zilinigusa sana. Hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda, na matokeo kutangazwa 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliodungwa hakuambukizwa hata mmoja. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Sindano hailii ndani ya mkoba.

PEP na PrEP zote huanza kwa kupima, na hapa pana kosa ninaloliona kila msimu wa harusi. Siku tatu kabla ya nikaha, bwana na bibi harusi wanapelekwa wakapime. Majibu yanatoka hawana, wazee wanashusha pumzi, mambo yanaendelea. Lakini vipimo vya kawaida vya haraka havitafuti virusi. Vinatafuta askari ambao mwili umewatuma dhidi ya virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuwakusanya. Wataalamu huhesabu hadi miezi 3. Aliyeambukizwa mwezi uliopita anaweza kupima leo akaonekana hana, na wakati huo huo virusi damuni mwake ni vingi mno, naye ni mwepesi wa kuambukiza kuliko wakati mwingine wowote. Anayetaka kupima kwa ajili ya ndoa apime anapochumbia, arudie baada ya miezi 3, na katikati ajizuie. Na iwe kwa hiari. Sheria niliyoitaja inakataza kumlazimisha mtu kupima kama sharti la ndoa, kama inavyokataza kwa kazi na masomo. Wapo vilevile wanaojua hali zao kwa mara ya kwanza katika vipimo vya kwenda kufanya kazi Ghuba, ambako jibu likija vibaya safari imekufa papo hapo. Hiyo si namna ya mtu kuijua afya yake.

Kwa wasiotaka kuonekana kituoni, kuna kipimo cha kujipima mwenyewe, na hicho nauza. Wacha nikieleze kama ninavyokieleza kaunta. Ndani ya pakiti mna kijiti chenye kitambaa upande mmoja, na kichupa cha maji. Usile wala kunywa kwa robo saa hivi kabla. Pitisha kitambaa mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja ufizi wa chini, si ulimi wala shavu. Kitumbukize kijiti ndani ya kichupa, ukiache dakika 20, na usikisome tena baada ya dakika 40. Mstari mmoja penye herufi C maana yake hakuna kilichoonekana. Miwili, C na T, hata ule wa pili ukiwa hafifu kama alama ya penseli, maana yake uende kituoni ukapimwe kwa damu, kwa sababu kipimo hiki hakitoi hukumu ya mwisho. Usipoona mstari kwenye C, kimeharibika. Dakika 20 hizo ni ndefu. Nawashauri wasikae peke yao nazo kama wana hata mtu mmoja wa kumwamini. Wengi hujipima chooni, kwa sababu katika nyumba ya ghorofa tatu yenye watu 14 huo ndio mlango pekee wenye komeo.

Hapa nataka kukaa kidogo na jambo ambalo Mombasa inapaswa kulijua kuliko mji wowote, maana liligunduliwa hapa. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani walianza kuwafuatilia wanawake wanaofanya kazi ya ngono Mombasa, katika kliniki ya manispaa ya Ganjoni. Wanawake wale walirudi mwezi baada ya mwezi, miaka na miaka, wakatoa damu, wakajibu maswali ambayo wengi wetu hatungeyajibu, na yaliyojulikana kwa miili yao yamo katika vitabu vya tiba duniani kote. Moja lilichapishwa 2006, baada ya takribani miaka 10 ya kufuatilia. Waliokuwa wakijiosha ndani ya uke kwa maji walikuwa na hatari ya kuambukizwa zaidi ya mara mbili ya wasiojiosha ndani. Waliotumia sabuni, karibu mara nne.

Sababu yake haina muujiza. Uke una bakteria wake wema, wanaotengeneza asidi kidogo na kuufanya mahali pagumu kwa vijidudu vigeni. Maji huwaondoa, sabuni huwaua, na utando uliobaki huwashwa na kuchubuka. Seli za kinga hukimbilia pale penye uchokozi, na seli hizo ndizo virusi vinazozitafuta. Sasa fikiria limau, shabu na dawa za kukaza na kukausha zinazouzwa kwa kunong'onezana, ambazo huchubua zaidi. Kunawa kwa nje ni twahara, ni usafi, na hakuna utafiti uliokukataza. Ndani kunajisafisha kwenyewe. Hili natamani walichukue masomo wetu, wale mama wanaowaingiza mabinti ndani na kuwafunda kabla ya harusi. Neno la somo hubaki na mwanamke hadi uzeeni. Mimi na koti langu jeupe hatupati hata robo ya usikivu huo.

Kutoka Ganjoni pia tulijifunza kuwa trikomonasi, maradhi ya zinaa ambayo mara nyingi hayaonyeshi kitu, humwongezea mwanamke hatari ya kupata Virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo kijana anayenijia kwa sababu mkojo unamchoma, akataka nimpe "ile dawa moja ya kumaliza", naye simpi hivi hivi. Akimeza nusu ya dozi isiyo yake, kisonono hujifunza kuishinda dawa, na mwenzake aliyebaki nyumbani hajatibiwa.

Yapo mambo mengine ninayoyasikia, nitayapita haraka. Kwamba mwanamume aliyetahiriwa amesalimika: utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa malori hapa Mombasa na kuchapishwa 1999, na majaribio makubwa yaliyofuata Kisumu, Rakai na Afrika Kusini, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Hiyo 40 iliyobaki inatosha kumwambukiza, na mwanamke hapewi kinga hiyo. Kwamba njia ya nyuma hulinda bikira na haina madhara: utando wa hapo ni mwembamba na hauna ute wake, na hatari kwa anayeingiliwa, awe mwanamke au mwanamume, ni zaidi ya mara 15 ya ile ya njia ya mbele. Kwamba mafuta ya nazi husaidia kondomu isipasuke: mafuta yoyote, ya nazi au ya kujipaka, hulainisha mpira hadi ukatike. Chukua kilainishi cha maji. Na kondomu iliyokaa miezi ndani ya pochi kwa joto letu la Februari, itupe.

Kuna vijana wa mitaa yetu ambao hawaji hata magharibi. Ni wale wa maskani, wanaodunga unga. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalikuta asilimia 18.3 ya Wakenya wanaojidunga wakiwa na virusi, zaidi ya mara tatu ya watu wa kawaida, na kinachowaua ni bomba moja kupita mikono minne. Kumpa mtu bomba safi hakumfundishi kudunga, anadunga tayari. Mashirika yetu ya hapa, Reachout na MEWA, yamewashika vijana hao kwa miaka wakati familia zimechoka, na methadoni, dawa ya kunywa kila siku inayoondoa arosto ya kukosa unga, imeokoa wana wa majirani zangu. Mama mwenye mtoto huko asione haya kumpeleka.

Na wanaoishi na virusi? Wamo kati yetu, wengi zaidi ya tunavyodhani, na kwa sehemu kubwa si wao wa kuogopwa. Anayemeza dawa zake hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Tafiti zilizowafuatilia maelfu ya wapenzi, na kutoa majibu yake kati ya 2011 na 2019, hazikuacha shaka. KENPHIA ilikuta mwaka 2018 kwamba mmoja kati ya kila watano wenye virusi hakujua kuwa anavyo. Kwa huyo ndiko hatari iliko, na pengine ana kanzu iliyopigwa pasi na jina zuri mtaani. Ndiyo maana swali langu kaunta ni "amepima?".

Tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, kliniki nyingi zilizokuwa za peke yake zimeunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Nimewasikia vijana wakilalamika kwamba mshauri aliyewajua kwa jina hayupo tena. Nimewasikia wengine wakisema afadhali, sasa mtu akiwaona kwenye foleni hajui wamefuata nini.

Mwezi uliopita, Jumapili, saa nane mchana, jua limefukuza watu wote, aliingia kijana ambaye sikuwahi kumuona. Mkononi alikuwa na kikaratasi changu, kimekunjwa mara nne, kingo zimelainika kwa jasho. Hakukipata kwangu. Alipewa.

"Khalti, hizi saa huhesabiwa tangu lini?"

"Tangu lilipotokea, mwanangu."

Akatoa simu, midomo ikicheza bila sauti. "Basi zimebaki ishirini na sita."

"Zitumie mbili. Nenda sasa hivi."

Akauliza kama msichana naye anaweza kwenda. Nikamwambia waende wote wawili, na kama wanaona haya kuongozana, mmoja atangulie. Kabla hajavuka barabara alikuwa na simu sikioni.